Kilemba Kilichokaa Kigodani

Hapo zamani, kabla watu hawajajifunza kugombana kwa maandishi, palikuwa na mji ukiitwa Tumbaweni, na mji huo ulikuwa na desturi ambayo wageni waliicheka na wenyeji waliilinda. Sheria zote za mji zilitungwa na wazee kumi na wawili, nao walikutana katika Nyumba ya Mkeka, wakaketi miguu mitupu na vichwa vitupu juu ya mkeka mmoja mkubwa. Sultani hakuingia humo. Yeye aliwekewa kigoda nje, chini ya dirisha, akakaa na kilemba chake akisikiliza sheria ikisomwa. Akiichukia, alikohoa mara tatu, na wazee wakaifikiri upya. Asipokohoa, sheria imepita, naye huinuka na bakora yake kwenda kuitimiza. Wazee hawakutoka ndani mpaka Sultani ainuke. Hawakuweza kumwamuru askari amfukuze hata mbuzi mlangoni, na Sultani naye hakuweza kuongeza katika sheria hata neno moja. Avaaye kilemba hakukanyaga mkeka, na akanyagaye mkeka hakuvaa kilemba, ikawa hivyo tangu babu wa mababu.

Askari nao walikuwa na kiapo chao. Wao hawakuapa kwa jina la Sultani, bali kwa kilemba, kile cha hariri nyekundu kilichorithiwa na kila aliyetawala. Sababu yake ni kwamba zamani za kale palikuwa na sultani aliyezaliwa pacha, na pacha mwenziwe akaja mjini kutembea, na jeshi zima likakaa mwezi mzima likimpigia saluti asiye sultani. Aibu ile iliwakaa rohoni. Tangu siku hiyo askari wa Tumbaweni walitazama kilemba, wala hawakujishughulisha na uso ulio chini yake.

Basi mambo yakaenda hivyo miaka na dahari, hata kilemba kikamfikia Sultani Shahame. Huyu hakuwa mtu mbaya, wala haifai kumsingizia. Hakumpokonya mtu shamba, hakumfunga mtu bure, na mfungo ukifika aliwalisha maskini. Kilema chake kilikuwa kimoja tu, nacho ni kwamba alijiona mcheshi. Kila Ijumaa watu wakitoka msikitini aliwasimamisha mbele ya jumba lake akawapa mzaha, na mzaha wenyewe, Mungu amsamehe, ulikuwa daima ule ule.

"Nalikutana na punda njiani," husema. "Nikamwuliza, wewe ni punda? Asinijibu. Basi nikajua kuwa ni punda."

Kisha husimama mikono kiunoni na mdomo wazi, akingoja kicheko. Kicheko hakiji. Watu hutazama vidole vyao vya miguu, na wengine hukumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni. Sultani hungoja, na hungoja tena, hata mdomo wake ukakauka, ndipo huingia ndani taratibu na mlango ukafungwa.

Sasa katika mji huo alikuwako fukara mmoja jina lake Machano. Kazi yake ilikuwa kufagia Nyumba ya Mkeka, kuukung'uta mkeka, na kushona kingo zake zinapochakaa, na ujira wake ulikuwa kahawa iliyobaki kwenye vikombe vya wazee. Hakuwa na mbele wala nyuma. Alikuwa na ufagio, kofia yenye tundu utosini, na mkewe Bi Mize, mwenye mimba ya miezi minane na ulimi uliokuwa mkali tangu kabla ya mimba. Tena alikuwa na kicheko. Kicheko hicho hakikuwa mtumwa wake. Kilikuja kilipotaka, kikaanzia tumboni, kikapanda, na kikishafika kooni hapakuwa na mkono wala kitambaa cha kukizuia.

Basi Ijumaa moja Sultani akatoa punda wake, akasimama mdomo wazi, na Machano akacheka. Alicheka hata akashika ukuta. Sultani akafurahi furaha ambayo hajapata kuijua tangu azaliwe, akashuka ngazi mwenyewe, akamwuliza kama mzaha umempendeza.

Hapo mtu mwenye akili za kawaida angesema ndiyo, akaenda zake na zawadi. Machano akamjibu kuwa mzaha ameusikia mara zisizo na hesabu, na kwamba kilichomchekesha ni namna bwana wake anavyongoja.

Sultani akageuka. Alipanda ngazi polepole, na waliomwona wakasema masikio yake yalikuwa mekundu kuliko kilemba. Ukweli ni kwamba aliumia, na mtu mkubwa akiumia kwa jambo dogo, jambo hilo halibaki dogo muda mrefu.

Siku ya pili akapeleka ombi kwa wazee, watunge sheria. Sultani atoapo mzaha na kuinua kidole, kila mtu acheke mpaka kidole kishuke. Na mbele ya Sultani mtu asicheke kwa jambo jingine lolote. Atakayevunja, atolewe mjini yeye na watu wa nyumba yake, mwaka mzima.

Wazee walikuwa watu wa haki, na hawakutaka kulikataa jambo bila ya kulipima. Mkubwa wao, Mzee Kondo, akainua kidole, na kumi na mmoja wakajitahidi kucheka. Mmoja akashikwa na kwikwi iliyomkaa siku mbili. Wa pili likamtoka jino lililokuwa likilegalega tangu mwaka jana. Wa tatu akaanza vizuri, kisha akamkumbuka marehemu mkewe, ikawa analia, na wenzake wakalia naye kwa heshima. Basi wakamrudishia Sultani jibu kwamba mkeka umelijaribu jambo hilo na umeshindwa. Akapeleka mara ya pili, wakakataa. Akapeleka mara ya tatu, wakakataa, na safari hii walimletea na lile jino.

Sultani akaghadhibika, akaagiza wazee waende makwao. Akasema yeye ana akili ya watu kumi na wawili na nafasi ya kukaa ni ile ile, basi ataketi mkekani mwenyewe, atunge, kisha atoke atimize. Lakini mkuu wa askari wake, Akida Songoro, mtu mrefu, mnyofu, asiyejua kusoma wala kusema uongo, akapiga goti akauliza swali. Sultani akiwa mkekani, kigodani atakaa nani? Na kama kigodani hapana mtu, sheria itakuwa imesikiwa na nani? Maana yeye Songoro aliapa kutimiza sheria iliyosikiwa, wala hakuapa kutimiza kelele za dirishani.

Sultani akaona swali lile lina miguu ya kusimamia. Akajifungia uani kwake na kulijaribu. Alitandika mkeka wa kulalia chumbani, akaweka kigoda nje, akasoma kwa sauti kubwa, kisha akakimbia kwenda kusikiliza. Alipofika kigodani hapakuwa na mtu anayesoma. Akarudi mbio kusoma, na kigodani pakawa hapana anayesikia. Alizunguka hivyo mara tano, na mara ya tano kiatu chake kikatumbukia mfereji wa maji machafu. Mkewe, Mwana Heri, alikuwa akitazama kutoka juu ghorofani akichambua mchele, na hakumwuliza kitu, maana alikuwa ameolewa naye miaka ishirini.

Ndipo Sultani akaagiza Machano aletwe.

"Ewe Machano," akasema, "wewe ndiwe ufagiaye nyumba ile, na hapana desturi yake usiyoijua. Ijumaa nataka niwe ndani mkekani, na niwe nje kigodani, kwa saa moja, wala isivunjwe desturi hata moja. Ukinipatia njia, nitakusamehe kicheko chako. Ukishindwa, jua likizama Ijumaa hiyo uwe umeshatoka mjini na mkeo."

Machano akasema amesikia na ametii, akatoka mbio mpaka nyumbani. Hakuwa shujaa. Hajapata kulala nje ya Tumbaweni hata siku moja, na mkunga aliyeaminika alikuwa mmoja tu, naye alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwao. Akamweleza Bi Mize mambo yote. Bi Mize akaacha kupepeta, akamwuliza kama amefikiri vizuri. Maana akishindwa, wanatolewa. Na akishinda, sheria inapita, na yeye kwa kicheko kile hatavuka hata Ijumaa moja, wanatolewa vilevile. Machano akakiri kuwa upande huo wa pili hakuwa ameutazama.

Siku ya kwanza alifagia nyumba tupu, asipate shauri. Siku ya pili akaufagia na mkeka usio na vumbi, asipate. Siku ya tatu, Alhamisi, alirudi nyumbani mchana, kichwa wazi, akamkuta Bi Mize amekaa kizingitini ana hamu ya pilau na hakuna hata mchele. Naye kwa hamu ile alikuwa tayari kumgombeza yeyote.

"Tazama kofia yako hiyo msumarini," akamwambia. "Siku tatu hizi iko nyumbani kuliko wewe. Jirani akiulizia kama mume wangu yupo, naitazama hiyo, namwambia yupo."

Machano akaitazama kofia. Akaitazama tena. Kisha kile kicheko kikaanza tumboni, na Bi Mize akamwonya kuwa kama amechekwa yeye na tumbo lake, basi Ijumaa haitafika. Lakini Machano hakuweza kujibu, alikuwa ameshakaa chini.

Ijumaa mji mzima ukakusanyika uwanjani mbele ya Nyumba ya Mkeka. Wazee nao walikuja, wakasimama kwenye umati na kofia zao, kwani siku hiyo hawakuwa na kazi. Sultani akafika na bakora yake na askari wake, akamwuliza Machano yuko wapi huyo Sultani wa pili.

Machano akainama hata chini, akasema kwamba hapana wa pili, na mmoja anatosha. Sultani ni kilemba. Askari wameapia kilemba, mji unasalimia kilemba, na kilemba kiko kichwani pake. Basi akivue, akiweke kigodani, na Sultani atakuwa kigodani. Yeye mwenyewe aingie ndani miguu mitupu na kichwa kitupu, na hapo atakuwa mtu wa mkeka kama watu wote wa mkeka. Hakuna desturi iliyovunjwa.

Sultani alifikiri kitambo, kisha akafurahi sana, akashangaa vipi hakuliona jambo jepesi kama hilo. Akakivua kilemba na kukiweka kigodani kwa mikono miwili. Kichwa chake kilikuwa na upara mdogo ambao mji haukupata kuujua, na watu kwa adabu wakatazama mawingu.

"Nisamehe, bwana," akasema Machano, "watu hawa lazima wasikie kwa kinywa chako, wasije wakasema nimezua. Aliye kigodani ni nani?"

"Ni Sultani," akasema Sultani.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu wa mkeka," akasema, na haraka ikamzidi, akavua viatu na kuingia ndani.

Akaketi peke yake katikati ya mkeka ule mkubwa, akaisoma sheria ya kucheka kwa sauti, neno kwa neno. Nje watu wote walikitazama kilemba. Kilemba hakikukohoa. Machano akangoja kwa muda wa desturi, akatangaza kuwa sheria imepita.

Sultani akakimbilia dirishani, uso wote umejaa furaha. Hakutaka hata kungoja atoke. Akashika vyuma vya dirisha, akatoa punda wake pale pale, akamwuliza kama ni punda, asijibiwe, akajua kuwa ni punda. Kisha akainua kidole.

Uwanja ulikuwa kimya. Akakipandisha kidole juu zaidi, labda hakikuonekana. Mwishowe akauliza kwa nini hawacheki, na hali sheria imepita sasa hivi. Mzee Kondo, aliyekuwa ametunga sheria miaka thelathini na hakupenda kuona mtu akikosea kusoma, akamjibu kwa upole kwamba sheria inasema Sultani atoapo mzaha na Sultani ainuapo kidole. Wao wamesimama tayari wanangoja kidole cha Sultani. Na watu wote wakageuza nyuso zao kukitazama kilemba, ambacho hakikuwa na mzaha, wala kidole.

Machano alijizuia. Mungu anajua alijizuia, akauma ncha ya kanzu, akafikiri habari za mauti. Lakini alimwona yule bwana dirishani, mdomo wazi na kidole juu, akingoja, na kicheko kikatoka kikasikiwa mpaka sokoni.

"Huyo," akasema Sultani kwa hasira, "huyo amecheka kinyume cha sheria. Songoro, mkamate umtoe mjini, yeye na mkewe."

Bi Mize alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta. Akashika tumbo lake kwa mikono yote miwili.

Akida Songoro akamshika Machano mkono. Halafu akaona yeye ni askari na jambo lina utaratibu wake, akageuka, akasimama mbele ya kigoda, akapiga saluti, akakiuliza kilemba kama kinaamuru mtu huyu atolewe. Akangoja jibu. Sultani akapiga kelele dirishani kwamba ameshaamuru yeye. Songoro akamjibu, naye hakuwa na kejeli hata chembe, kwamba anaomba radhi ya mheshimiwa wa mkeka, lakini watu wa mkeka hawamwamuru askari hata kumfukuza mbuzi mlangoni. Akaendelea kungoja, na mkono wa Machano akauachia, maana hajaamriwa kuushika.

Sultani akasema atatoka sasa hivi akivae kilemba chake, na kila mtu atajua. Machano akamwendea mlangoni na ufagio wake, akamkumbusha kwa unyenyekevu mkubwa kuwa mtu wa mkeka hatoki mpaka Sultani ainuke kigodani, nayo ni desturi aliyotaka mwenyewe isivunjwe. Sultani akauliza kilemba kitainuka lini. Machano akasema jambo hilo hawezi kumsemea mkubwa wake.

Basi wakakaa. Jua likapanda. Paka mmoja wa sokoni akaja, akakizunguka kigoda mara mbili, akaruka, akajikunja katikati ya kilemba akalala. Askari wakatazamana. Songoro akafikiri sana, mwishowe akawaambia waliapa kwa kilemba, na kiapo hakikutaja kilicho ndani. Baadaye paka akapiga chafya moja, na wazee wakabishana kwa minong'ono kama chafya ni theluthi ya kukohoa, wasiafikiane.

Adhuhuri chakula cha Sultani kikaletwa kutoka jumbani, sinia ya pilau ya mbuzi, zabibu juu, na kachumbari pembeni. Watumishi wakauliza kiwekwe wapi. Watu wakawaonyesha kigoda. Harufu ikaingia dirishani. Sultani, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi kwa furaha ya sheria yake, akatuma mtu mbio kwa mkewe amthibitishe kuwa yeye ni yeye. Mwana Heri akarudisha jibu kwamba mji mzima unasema mumewe kakaa kigodani na amempelekea chakula huko. Na kama kuna bwana mwingine amefungiwa nyumba ya wazee, yeye ni mke wa watu, hawezi kumtambua. Akaongeza kuwa mumewe huyo wa kigodani aletwe nyumbani taratibu, kwani ameambiwa leo hajataja punda.

Paka akaamka, akachagua nyama zote, wali akauacha, akarudi kulala.

Hapo Sultani akashika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Machano, acha mchezo. Unajua vizuri kuwa Sultani ni mimi."

Machano akaweka ufagio chini. Alikuwa haogopi tena, au pengine alikuwa anaogopa hata hofu ikamaliza kazi yake.

"Bwana wangu," akasema, "mimi ni mfagizi, nitalisema ninavyoliona. Kama wewe ni Sultani, basi leo Sultani amekanyaga mkeka. Sheria iliyotungwa hivyo si sheria, nami sina kosa. Na kama wewe ni mtu wa mkeka, sheria ni sheria, na kosa ninalo. Lakini mwenye kunitoa mjini ni yule pale, naye tangu asubuhi hajasema neno. Chagua mmoja. Leo umekuwa wawili kwa pamoja, na umeona hata chakula hakikufikii."

Sultani akaachia vyuma vya dirisha. Akaitazama sinia, akamtazama na paka. Akawatazama askari wake waliosimama wima juani mbele ya kigoda, na raia zake wote wamekielekea kilemba kwa heshima, wakingoja kauli.

"Ajabu," akasema polepole, akijisemea mwenyewe. "Miaka kumi na minane nawatolea mzaha, hapana anitazamaye. Huyu amelala, na hapana apepesaye jicho."

Haikujulikana nani alianza. Wengine walisema ni Mzee Kondo, wengine wakasema ni yule asiye na jino. Kicheko kilivuka uwanja, kikawapata wanawake ukutani, kikawapata wachuuzi na askari, na Akida Songoro mwenyewe akauegemea mkuki wake akicheka machozi. Bi Mize alicheka huku akiomba asichekeshwe. Sultani alishtuka. Akakitazama kidole chake; kilikuwa chini. Hapana mtu aliyeamriwa. Ndipo kicheko kikampata na yeye, akacheka hata akateleza akakaa mkekani, na kila akijaribu kuinuka alimwona paka, akakaa tena.

Alipoweza kusema, akaita dirishani kwamba kwa sheria yake mwenyewe mji wote sasa lazima utolewe mjini, na yeye mtungaji awe wa mbele, na Songoro abaki kufunga lango kutoka nje. Watu wakacheka mara ya pili. Mara mbili kwa siku moja, na yeye alikuwa amesahau kuhesabu.

"Mimi ni Sultani," akasema. "Nimekanyaga mkeka, na nilichotunga si kitu. Nileteeni kilemba changu, na wazee waje wakae mahali pao."

Songoro akamwamsha paka kwa adabu zote, akakikung'uta kilemba, akakipeleka mlangoni kwa mikono miwili. Sultani akatoka, akakivaa, akakaa kigodani. Wazee wakavua kofia na kuingia ndani. Jambo la kwanza walilolitunga ni kwamba sheria ya kucheka haikuwako, na Sultani akasikiliza mpaka mwisho asikohoe, ingawa kilemba kilikuwa na manyoya ya paka na koo lilimwasha sana.

Kisha akamwita Machano, akamwambia aombe atakacho. Watu wakadhani ataomba shamba. Machano akasema mkewe ana hamu ya pilau tangu Alhamisi, na ile ya leo imekwisha nyama. Basi ikawa kila adhuhuri sinia mbili zinatoka jumbani, moja inakwenda kwa Sultani na moja kwa Bi Mize, na Mwana Heri mwenyewe ndiye aliyepakua ile ya pili, akaijaza vizuri.

Mwezi haujaisha Bi Mize akajifungua mtoto wa kike, mkunga akitoka nyumba ya tatu. Sultani Shahame akaja kuwapa hongera, akaomba ampakate mtoto. Akamtazama kwa muda, akaona hapa pana mtu mmoja katika mji wote ambaye hajausikia bado mzaha wake. Akasogeza mdomo kwenye sikio lake dogo, akamweleza habari za punda, neno kwa neno, kisha akangoja, mdomo wazi.

Mtoto akalia kwa nguvu zake zote. Sultani akamrudisha kwa mama yake, akavaa viatu, akaenda zake nyumbani, na haikutungwa sheria yoyote.